Misri ya Kale kwa Mafunjo ya Ziwani na Magadi ya Sokoni

Maswali ya wasomaji na majibu ya jopo letu la historia

Barua za safari hii zimetoka Nyegezi, Ukerewe, Magu, Sengerema, Misungwi na Musoma, na karibu zote zinagusa Misri ya kale inavyofundishwa darasani. Tumezifupisha bila kubadili kinachoulizwa.

Mafuriko yalitoka wapi?

*Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba mafuriko yaliyoilisha Misri yalitoka kwenye ziwa hili tunaloliona dirishani. Mwenzangu wa jiografia anadai napotosha watoto. Tuamulieni. (Mwalimu wa historia, Nyegezi)*

Mwalimu, kwenye mafuriko mwenzako ameshinda. Kwenye mto wenyewe nawe una haki yako.

Nile ina mikono miwili mikubwa. Nile Nyeupe hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, Uganda, upande wa pili kabisa wa ziwa ukiwa Mwanza. Nile ya Buluu hutoka Ziwa Tana, Ethiopia. Hukutana Khartoum, na kaskazini zaidi huingia mto Atbara, nao pia wa Ethiopia. Ukipima maji yanayofika Aswan kwa mwaka mzima, kama asilimia 85 ni ya Ethiopia. Yetu ni 15 hivi.

Yanapungua njiani. Kwanza, mvua nyingi inayonyesha juu ya ziwa hurudi angani kwa mvuke kabla haijafika Jinja. Pili, Nile Nyeupe ikifika Sudan Kusini huingia kwenye kinamasi kikubwa cha Sudd, husambaa kwenye mafunjo, na kama nusu yake hupotea kwa jua. Tatu, ziwa ni pana mno kiasi kwamba halipandi na kushuka ghafla. Linatoa maji kwa kipimo kinacholingana mwaka mzima, na maji ya namna hiyo hayafuriki.

Ethiopia mambo ni kinyume. Mvua kubwa za nyanda za juu hunyesha Juni hadi Septemba, zikikokota udongo wa miamba ya volkano. Maji yalianza kupanda Aswan kuanzia mwisho wa Juni, yakafika kilele mwanzoni mwa Septemba, kisha yakashuka Oktoba na Novemba, yakiacha tope la rutuba mashambani. Yaani mto ulijaa katikati ya joto kali, kwenye nchi isiyo na mvua. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, alipofika huko karne ya 5 KK aliwauliza wenyeji sababu, wasiweze kumpa jibu.

Haki yako sasa. Aprili na Mei, kabla ya mvua za Ethiopia, Nile ya Buluu hunywea sana. Wakati huo sehemu kubwa ya maji yanayopita Khartoum ni ya Nile Nyeupe. Kwa hiyo sentensi ya kuandika ubaoni ni hii: Ethiopia ilileta mafuriko na udongo, maziwa ya huku kwetu yalisaidia mto usikauke wakati wa kiangazi.

Wanafunzi wakibisha, waonyeshe. Kunja bati liwe mfereji wa mita moja na nusu wenye mikono miwili upande wa juu, uinamishe kidogo, chini weka beseni jeupe. Mkono mmoja wa mfereji uwe na chupa ya lita 1 iliyotobolewa kwa pini, na maji yake yapite kwenye kipande cha godoro kikavu cha sentimita 10 kwa 10, unene 6. Mkono wa pili uwe na rundo la udongo mwekundu. Mwanafunzi mmoja aachie chupa ianze kudondosha. Mwingine amwage lita 3 juu ya udongo kwa mkupuo. Godoro likinywa nusu ya chupa, utakuwa umepata uwiano wa kweli: nusu lita dhidi ya lita 3. Beseni litageuka jekundu. Kisha wasubiri. Rundo la udongo likishakauka, chupa bado inadondosha. Godoro likiwa kubwa mno hakuna kitakachopita, basi likate. Na waambie kwamba Sudd ya kweli hainywi maji kama godoro, inayaachia jua.

Ukitaka hesabu ndani yake, Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya 1 BK, aliandika viwango vya mto kwa dhiraa: maji yakipanda dhiraa 12 ni njaa, 13 bado njaa, 14 furaha, 15 utulivu, 16 neema tupu. Dhiraa ya kifalme ni kama sentimita 52.5. Wapige hesabu wenyewe: kutoka njaa hadi neema ni mita 2.1 tu. Ndiyo maana watawala walichonga ngazi za kupimia mto, kama ile ya kisiwa cha Elephantine, na kodi ikakadiriwa kwa kuangalia kiwango hicho.

Jambo la mwisho: mafuriko yazungumziwe kwa wakati uliopita. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika 1970, na tangu hapo tope la Ethiopia linabaki nyuma ya ukuta.

Karatasi ya mafunjo

*Huku Ukerewe mafunjo yamejaa ufukweni. Nataka darasa langu la wanafunzi 40 litengeneze karatasi ya Wamisri. Nilijaribu muhula uliopita, zikatoka zimekunjamana na kunuka. (Mwalimu, Ukerewe)*

Kabla ya karatasi, usalama. Mwanafunzi asiingie majini kuvuna. Kando ya ziwa letu kuna kichocho, na pale penye mafunjo ndipo konokono wake wanapokaa, tena viboko na mamba hawako mbali. Nunua kwa wavunaji wanaowauzia wasuka mikeka. Waagize mashina mabichi yaliyokatwa siku hiyohiyo, maana likilala siku mbili juani moyo wake hugeuka kahawia na haushikani tena.

Hakikisha ni mafunjo kweli, usije ukauziwa matete. Tete lina shina la mviringo lenye mafundo na uwazi ndani. Funjo lina shina la pembe tatu, halina fundo hata moja, ndani mna nyama nyeupe laini, na kileleni kishungi cha nyuzi za kijani. Chagua yenye unene wa sentimita 3 au zaidi upande wa chini.

Wanafunzi 40 ni vikundi vinane vya watano. Kila kikundi mashina mawili, na manne ya akiba: jumla 20. Tumia mita moja ya chini ya kila shina, uikate vipande vitatu vya sentimita 30. Ganda la kijani limenywe lote. Likibaki hata uzi mmoja, hapo karatasi itapasuka. Usilitupe, linasukwa kamba.

Sasa kisu kikali, na kazi hii ya kisu uisimamie mwenyewe. Chana moyo kwa urefu uwe tepe za milimita 1 hadi 2. Tunadhani hapa ndipo mlipokosea muhula uliopita, kwa sababu tepe nene ndizo zinazokunjamana: upande mmoja hukauka kabla ya mwingine. Kila kipande kitatoa tepe sita hadi nane zinazofaa. Ukurasa wa sentimita 20 kwa 20 unataka tepe 24 hadi 28, kwa hiyo vipande vinne. Mashina mawili yanawatosha na ziada ya kuharibu.

Zigonge taratibu kwa nyundo ya mbao, uziviringishie chupa hadi maji yatoke, kisha uziloweke kwenye maji safi siku mbili au tatu. Maji yabadilishwe kila siku, la sivyo yanachacha, na harufu mliyoipata ndiyo hiyo. Ukiziacha wiki nzima karatasi itakuwa ya kahawia. Watu wengi wanadhani hiyo ndiyo rangi halisi kwa sababu makaratasi ya makumbusho yamezeeka. Jipya lilikuwa jeupe lenye manjano kidogo.

Tandika kitambaa cha pamba juu ya ubao. Kanga kuukuu inafaa sana. Panga safu ya kwanza wima, kila tepe ikilalia jirani yake kwa milimita 2. Safu ya pili ipite kwa kukingama juu yake. Hakuna gundi inayohitajika, utomvu wa mmea wenyewe unashika. Funika kwa kitambaa kingine na ubao, juu weka mawe ya kilo 20 au zaidi, na Ukerewe hamkosi mawe. Siku mbili za kwanza badilisha vitambaa asubuhi na jioni, baadaye mara moja kwa siku. Siku ya tano au ya sita toa. Usianike juani hata kama ratiba inakubana: karatasi hujikunja kingo zikapasuka. Ikishakauka isugue kwa kokoto laini ya ufukweni hadi ing'ae.

Wino wa Wamisri ulikuwa masizi, gundi ya mti na maji. Kwangua masizi ya kibatari, si ya chini ya sufuria yenye mafuta, kwani mafuta hukataa maji. Loweka gundi ya mgunga usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Kijiko kimoja cha masizi kisagwe kwanza na gundi iliyoyeyuka, nusu kijiko, ndipo uongeze maji tone kwa tone. Gundi ikipungua, maandishi yanafutika kwa kidole. Ikizidi, yanang'aa na kubanduka. Kalamu ni unyasi mwembamba uliotafunwa ncha ikawa brashi. Ile kalamu ya tete iliyochongwa na kupasuliwa ncha ililetwa baadaye, wakati wa Wagiriki.

Jina langu kwa hieroglifu

*Shikamooni. Naitwa Bahati, niko kidato cha kwanza. Jina langu lingeandikwaje? Na kwa nini herufi yao moja ni bundi? Darasa zima lilipiga kelele. (Mwanafunzi, Magu)*

Marahaba, Bahati. Wamisri walikuwa na alama 24 hivi zilizosimamia sauti mojamoja, pamoja na mamia ya nyingine zilizobeba sauti mbili, tatu au maana nzima. Irabu hawakuziandika. Kwa majina ya kigeni, wasomi wa leo huazima alama za sauti dhaifu: tumbusi kwa *a*, jani la tete kwa *i*, kifaranga cha kware kwa *u*. Jina lako basi ni mguu kwa *b*, tumbusi, uzi uliosokotwa kwa *h*, tumbusi, mkate mdogo kwa *t*, jani la tete. Wanyama watazame unakoanzia kusoma: ukiandika kutoka kulia, nyuso zote zielekee kulia.

Bundi ni *m*, basi. Hakuleta uchawi kwa mtu. Mwenzako Masanja atamvumilia. Ile duara ndefu inayozungushiwa jina ilikuwa ya wafalme na malkia, kwa hiyo mkiichora mjue mnajipandisha cheo.

Kwa miaka zaidi ya 1,000 hakuna aliyeweza kuyasoma maandishi haya. Jiwe la Rosetta, lililoandikwa 196 KK na kupatikana 1799, lina tangazo moja kwa maandishi ya aina tatu, mojawapo Kigiriki; Champollion, msomi Mfaransa, alitangaza ufumbuzi wake 1822.

Watumwa, au viumbe wa sayari nyingine?

*Mwanangu kaandika kwenye daftari kwamba piramidi zilijengwa na watumwa, akapata vema. Kaka yake anamwonyesha video za simu zinazosema ni viumbe wa angani. Nimwambie nini? (Mama wa wanafunzi wawili, Misungwi)*

Mama, wote wawili warudi kwenye ushahidi. Kando ya piramidi za Giza yamefukuliwa makazi ya wafanyakazi, yenye maghala, matanuri ya mikate na mifupa mingi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo walioliwa. Makaburi ya mafundi na wasimamizi wao, yaliyoanza kugunduliwa 1990, yako karibu na piramidi yenyewe. Mtumwa hazikwi karibu na mfalme, tena akiwekewa mikate na pombe ya safari ya ahera.

Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yalipatikana makaratasi ya mafunjo ya zama za Khufu, mfalme mwenye piramidi kubwa kuliko zote za Giza, kama 2560 KK. Ndiyo makaratasi ya kale kuliko yote yenye maandishi yaliyowahi kupatikana. Mojawapo ni daftari la kazi la msimamizi aitwaye Merer: kikosi chake kilipakia mawe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, kikayavusha kwa mashua hadi Giza, kikarudi kuchukua mengine, siku zikiandikwa moja baada ya nyingine. Yule wa video aulizwe viumbe wa angani walihitaji mashua za nini.

Utumwa Misri ulikuwepo, hasa wa mateka wa vita, na uliongezeka karne nyingi baadaye. Ila kazi ya Giza ilikuwa ya vikosi vya wafanyakazi walioitwa na serikali kwa zamu, wakilishwa na serikali. Kulazimishwa kulikuwemo. Ndiyo sababu hatungemwandikia mtoto "walijitolea" pia.

Juu ya kuburuta mawe, kuna jaribio rahisi. Picha ya ukutani katika kaburi la Djehutihotep, kama 1900 KK, inaonyesha sanamu kubwa juu ya kigari kisicho na magurudumu, wanaume wakivuta kamba, na mtu mmoja mbele akimwaga maji mchangani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walionyesha 2014 kwamba mchanga ukilowa kwa kiasi, nguvu ya kuvuta hupungua hadi kama nusu. Jaza karai mchanga mkavu wa ufukweni, weka tofali juu ya kibao, vuta kwa mizani ya springi kutoka maabara ya fizikia, andika namba. Kisha changanya mililita 20 hadi 50 za maji kwa kila lita ya mchanga, usawazishe, uvute tena. Mkavu hujirundika mbele ya kibao; uliolowa kidogo hushikana na kuwa sakafu. Ukizidisha maji unapata tope, na namba inapanda upya. Watoto hupenda kumwaga, kwa hiyo maji yapimwe kwa bomba la sindano.

Piramidi ya boksi iliyolala

*Tulikata pembetatu nne zenye urefu sawa na wa piramidi, tukaziunganisha, ikatoka fupi kama kofia. (Wanafunzi wa kidato cha pili, Sengerema)*

Mlitumia kimo mahali pa mteremko. Piramidi ya Khufu ilipojengwa ilikuwa na kimo cha mita 146.6 na kitako cha mita 230.3 kila upande. Kwa kipimo cha 1 kwa 1,000, kitako ni sentimita 23 na kimo 14.7. Lakini uso wa pembetatu unalala, hivyo urefu wake ni mkubwa kuliko kimo: tafuta kwa Pythagoras ukitumia nusu ya kitako, 11.5, na 14.7. Jibu ni 18.7. Mkikata pembetatu za 14.7, kimo kinashuka hadi 9, na ndicho kilichowapata.

Wamisri walikwepa shida hiyo kwa kupima mteremko moja kwa moja: kwa kila dhiraa moja ya kupanda, rudi ndani viganja vitano na nusu. Dhiraa ina viganja saba. Kimo cha dhiraa 280, kitako cha 440. Fanyeni hesabu muone inavyokaa sawasawa.

Miaka inayorudi nyuma

*Wanafunzi hawaelewi kwa nini 1300 KK ni baada ya 2500 KK. (Mwalimu, Musoma)*

Nunua kamba ya mita 5 na nusu, sentimita 1 iwe miaka 10. Mwanzo wa kamba ni 3100 KK, Misri ya juu na ya chini zilipounganishwa, na 2025 iko kwenye sentimita 512. Funga vitambaa vya rangi: Khufu 2560 KK, Tutankhamun 1323 KK, Ramses II kuanzia 1279 hadi 1213 KK, kifo cha Cleopatra 30 KK. Halafu wapime. Kutoka Khufu hadi Cleopatra ni sentimita 253. Kutoka Cleopatra hadi 2025 ni 205. Malkia huyo yuko karibu nasi kuliko alivyokuwa karibu na piramidi, na mwanafunzi akishaliona hilo hatachanganya tena. Mkivuka kutoka KK kwenda BK punguza mwaka mmoja, kwa sababu hakuna mwaka sifuri.

Je, walikuwa weusi?

*Darasani tulibishana hadi kengele ikalia. (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Magu)*

Walikuwa watu wa bonde la Nile, Waafrika, wenye sura na rangi zilizotofautiana kutoka pwani ya kaskazini hadi Aswan. Picha zao hazikati shauri, kwa kuwa wachoraji walikuwa na kanuni: wanaume kahawia nyekundu, wanawake manjano. Kosa tunaloliona zaidi kwenye madaftari ni kuisahau Kush, katika Sudan ya leo. Piye, mfalme wa Kush, aliteka Misri karne ya 8 KK. Taharqa alitawala kuanzia 690 hadi 664 KK na kujenga piramidi yake huko Nuri, Sudan. Sudan ina piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko Misri, ingawa ndogo. Mkibishana tena, anzieni hapo.

Samaki wa magadi

*Nimesoma kwamba walikausha maiti kwa chumvi ya natroni. Wapi nitaipata Mwanza, na darasa linaweza kujaribu kwa nini? (Mwalimu wa kike, Nyegezi)*

Ipo sokoni, mwalimu, kwenye vibanda vya viungo: ni magadi haya haya ya kulainishia makande. Natroni ya Wadi Natrun huko Misri na magadi ya ukanda wetu wa Bonde la Ufa ni jamii moja, kabonati na bikabonati za sodiamu, ya Misri ikiwa imechanganyika na chumvi ya kawaida.

Kwa binadamu kazi yote ilichukua siku 70, na kama 40 kati ya hizo mwili ulikuwa umefukiwa ndani ya natroni. Ubongo ulitolewa puani, ukatupwa. Mapafu, ini, tumbo na utumbo vilikaushwa peke yake na kuwekwa kwenye mitungi minne. Moyo uliachwa mahali pake, kwa kuwa ndio ungepimwa kwenye mizani mbele ya Osiris, mungu wa wafu.

Darasani tumieni sato wa gramu 250. Kuku tuwaachie wenye maabara.

Twanga magadi yawe unga, changanya vikombe viwili na kikombe kimoja cha chumvi. Utahitaji kilo 1 kwa mzunguko wa kwanza na nyingine ya kubadilishia. Vaeni glavu, magadi huchubua ngozi na ni hatari machoni. Pasua tumbo lote, toa matumbo na matamvua, osha, futa kwa kitambaa hadi pakauke, pima uzito na uandike. Tandaza sentimita 3 za unga kwenye boksi la mbao au plastiki, jaza tumbo na mashavu, laza samaki, mfunike pasionekane pezi. Juu funga neti ya mbu.

Siku ya nne unga utakuwa umelowa na kushikana mabonge. Mwage, weka mpya. Baada ya hapo kagua na kupima kila wiki. Ukipata uzito uleule wiki mbili mfululizo, tayari: kwa kawaida ni wiki tatu hadi nne, na uzito umeshuka chini ya nusu. Chora grafu.

Harufu ya samaki siku za kwanza ni kawaida. Ikizidi wiki na kuwa ya uvundo, ujue tumbo halikujazwa vizuri au unga ulilowa ukaachwa. Wapo wanaoyeyusha magadi kwenye maji na kumtumbukiza samaki; hao hupata supu iliyooza. Natroni ilitumika kavu. Kinachofanyika ni kuvuta maji, na kile kinachomkausha dagaa kwenye mchanga wa Igombe ndicho kinachofanya kazi hapa, ila magadi yanaongeza ukali unaovunja mafuta na kuwazuia bakteria. Kwa sababu hiyo msianze wakati wa masika au vuli, hewa ikiwa na unyevu. Juni hadi Agosti ni bora.

Akikauka kabisa mpangusie unga, mzungushie tepe za shuka kuukuu za sentimita 2, kuanzia mkiani. Mkimfunga angali na unyevu ataota ukungu ndani ya sanda. Haliwi, na aandikwe hivyo kwenye boksi. Unga uliotumika ufukieni mbali na bustani ya shule, unaua mimea.

Farao wa Musa

*Alikuwa nani? (Mzazi, Ukerewe)*

Biblia haimtaji jina, na Kurani nayo inamwita Firauni tu. Watu wengi humtaja Ramses II, lakini hakuna maandishi ya Kimisri yanayothibitisha. Kilichopo ni jiwe la mfalme Merneptah, kama 1208 KK, linaloitaja Israeli kama watu waliokuwa tayari Kanaani. Kwenye karatasi ya mtihani wa historia, jina lisiandikwe kama jambo lililothibitishwa.

Sangara kwenye sanda

*Kaka yangu mvuvi anacheka nikimwambia Wamisri walimfunga sangara sanda. Ni kweli au mwalimu alitania? (Mwanafunzi wa darasa la saba, Musoma)*

Ni kweli, mwambie kaka. Huko Esna, kusini mwa Misri, sangara alikuwa mtakatifu, na mumia zake nyingi zimefukuliwa. Wagiriki waliuita mji huo Latopolis kwa ajili ya samaki huyo. Sato naye alichorwa makaburini: mama wa sato hubeba mayai na vifaranga mdomoni na kuwatema wakiwa hai, Wamisri wakaona hapo ishara ya kuzaliwa upya.

Ila sangara wa Nile hakuweza kupanda hadi kwetu, maana maporomoko ya Murchison huko Uganda yalimzuia. Aliletwa Ziwa Victoria na watu miaka ya 1950, na sato huyu mwenye mistari mkiani vilevile. Ukichora ziwa letu la zama za Khufu, weka ngege, usiweke sangara.